FSD ya Tesla baada ya kila sasisho: cha kukagua kabla ya kuiamini tena

Sasisho la FSD, programu ya Tesla inayoendesha gari chini ya usimamizi wa dereva, lisipimwe kwa orodha ya mabadiliko inayotokea kwenye skrini. Orodha hiyo huandikwa na muuzaji, na muuzaji hutaja alichoongeza tu. Kipimo cha maana ni hiki: katika njia unazopita kila siku, ni wapi bado unalazimika kuingilia kati, na je, sehemu hizo zimehama baada ya sasisho? Mara nyingi huwa zimehama. Kona iliyokuwa ikikusumbua inakatwa vizuri, halafu makutano ambayo hayakuwahi kukutia wasiwasi yanaanza kukuletea mashaka.

Kwanza tuelewane tunachokitathmini. Hii ni ile programu ambayo tangu mwaka 2024 Tesla huiita Full Self-Driving (Supervised). Inashika usukani, inapanga mwendo, inawasha indiketa, inahama leni, inasimama kwenye taa na kukata kona. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi kinachopanga ngazi za gari kujiendesha, ni ngazi ya 2, maana yake dereva ndiye anayewajibika kwa kila sekunde ya safari, hata kama mikono yake imepumzika. Wanaoizungumzia kama gari lisilo na dereva wanachanganya mambo, na mkanganyiko huo ndio unaowaponza watu siku ya kwanza ya toleo jipya.

Kwa nini toleo moja litengeneze hapa na kuvuruga pale? Sababu iko kwenye ujenzi wake. Hadi toleo la 11, sehemu kubwa ya maamuzi ya mjini ilitokana na kanuni zilizoandikwa na wahandisi kwa mkono. Kuanzia toleo la 12, kazi hiyo ilihamishiwa kwenye mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, unaopokea picha za kamera na kutoa amri za usukani na mwendo. Kanuni ya mkono inaweza kurekebishwa peke yake bila kugusa nyingine. Mtandao wa neva hufunzwa upya kwa video nyingi, na ukifunzwa upya unaweza kubadilika hata mahali ambapo hakuna aliyekusudia kubadilisha. Kwa hiyo kila toleo ni sawa na kukabidhi gari lako kwa dereva mwingine: leseni anayo, lakini hujui anakanyagaje breki. Mazoea uliyojenga na yule wa jana hayahamii kwa huyu.

Usakinishaji wenyewe hauna ugumu. Faili ni kubwa, hivyo kwa kawaida gari husubiri Wi-Fi ndipo lipakue. Likiwa limeegeshwa mahali ambapo mtandao unafika kwa shida, upakuaji huanza na kukwama. Alama ya saa ya njano ikitokea juu ya skrini, faili iko tayari kusakinishwa. Chagua saa ambayo huhitaji gari, kwa sababu haliendeshiki wakati kazi inaendelea. Kama lilikuwa linachaji, kuchaji kunakatika na kurudi lenyewe sasisho likimalizika, jambo la kukumbuka kama umepanga betri ijae kabla ya safari ya alfajiri. Kwenye ukurasa wa Software kuna chaguo la kupokea masasisho mapema zaidi, yaani mpangilio wa Advanced. Faida yake ni kupata toleo kabla ya wengi. Hasara yake ni kwamba kasoro nazo unazipata wewe kwanza, na hakuna kurudi nyuma: toleo la zamani halirejeshwi gari likishapanda. Kwa gari la kazi la kila siku, baki kwenye mpangilio wa Standard na uwaachie wengine waonje.

Baada ya kusakinisha, usitoke mbio. Fungua mipangilio ya FSD na uhakikishe wasifu wa mwendo ni ule uliouchagua, maana wasifu hubeba uzito tofauti toleo hadi toleo. Katika matoleo ya 12 dereva aliweza kupandisha au kushusha kikomo cha mwendo kwa gurudumu dogo la kulia kwenye usukani, na kulikuwa na chaguo la kupunguza kuhama leni ambalo lilidumu kwa safari moja tu. Katika toleo la 14, lililoanza kutoka Oktoba 2025, wasifu ndio unaoamua karibu kila kitu: Chill hukaa leni ya pole, Hurry hupita wenzake, na zikaongezwa Sloth kwa wapole zaidi na Mad Max kwa wenye haraka. Ushauri wetu ni kuanza kila toleo na Chill kwa siku chache, hata kama wewe ni mtu wa Hurry. Makosa ya gari linalokwenda taratibu yanakupa muda wa kuyarekebisha.

Sasa kamera, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu malalamiko mengi yanayotupiwa programu asili yake ni kioo kichafu.

Gari hili linaona kwa kamera. Rada iliondolewa kwenye magari mapya ya Model 3 na Model Y ya Marekani mwaka 2021, na vihisi vya sauti kwenye bampa vikaanza kuondolewa mwaka 2022. Kamera za mbele zimekaa nyuma ya kioo, ndani ya kasha la plastiki. Plastiki ya ndani ya gari ikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo huganda kama utando kwenye uso wa ndani wa kioo, sehemu ile ile ambayo kitambaa chako hakifiki. Jua likiwa juu huoni tatizo. Likishuka na kukupiga usoni, utando unasambaza mwanga, picha inafifia, na gari linapunguza mwendo, linasitasita au linakurudishia usukani kwa kelele. Ukiona tatizo linatokea jioni upande wa magharibi na asubuhi upande wa mashariki, huku mchana kila kitu kikienda sawa, usilaumu toleo. Kasha linatakiwa kufunguliwa na kioo kusafishwa kwa ndani. Kama huna uzoefu wa kufungua vibanio vya plastiki bila kuvivunja, fundi wa huduma aifanye. Kamera za pembeni na ya nyuma unaweza kuzifuta mwenyewe kwa kitambaa laini chenye unyevu. Ya nyuma huchafuka haraka kuliko zote wakati wa mvua.

Dalili nyingine inayofanana na kasoro ya toleo ni gari kuegemea upande mmoja wa leni, au kutetereka kwenye barabara kuu iliyonyooka. Hapo angalia ulinganishaji wa kamera (calibration), yaani namna gari linavyojua kila kamera inaelekea wapi. Kwenye menyu ya Service kuna sehemu ya kuufuta na kuuanza upya. Baada ya hapo endesha mwenyewe kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Kwa kawaida kazi inamalizika ndani ya maili 20 hadi 25, sawa na kilomita 32 hadi 40, na FSD haitawaka hadi imalizike. Hatua hii ni ya lazima pia kioo cha mbele kikibadilishwa. Kabla ya yote hayo, jaribu jambo jepesi: gari likiwa limesimama kwenye Park, bonyeza na ushikilie magurudumu mawili madogo ya usukani mpaka skrini izime na kuwaka tena. Huondoa hitilafu nyingi za skrini zinazojitokeza baada ya sasisho, ingawa haigusi tabia ya uendeshaji.

Jaribio la barabarani lifanyike kwa njia unayoijua, mchana, barabara ikiwa kavu, na saa ambayo shule hazifungui wala kufungwa. Njia iwe na kona ya kukata ng'ambo ya magari yanayokuja bila taa maalumu ya kukulinda, alama ya kusimama, leni fupi ya kuingilia barabara kuu, na sehemu ambapo kibao cha mwendo kinabadilika. Mguu ukae tayari karibu na breki, kwa kuwa breki ndiyo njia ya uhakika ya kuizima FSD. Kumbuka pia jambo ambalo madereva wengi hawalijui: ukikanyaga pedali ya mwendo ili kulisukuma gari linalositasita, FSD haizimiki, lakini gari halitafunga breki kwa muda ambao mguu wako uko pale. Umelichukua jukumu hilo wewe.

Kila unapoingilia, tenganisha sababu mbili. Kuna kuingilia kwa sababu ya hatari, kama gari kutaka kupita taa nyekundu au kuingia leni yenye gari. Na kuna kuingilia kwa sababu ya kukereka: limechelewa kuondoka kwenye alama ya kusimama, limehama leni bila haja, limekwenda polepole na foleni imejaa nyuma. Aina ya pili ndiyo inayojaza malalamiko, na hupungua toleo baada ya toleo. Aina ya kwanza inatokea kwa nadra, na unadra wake ndio tatizo, kwani jicho huzoea. Mwaka 2023 Tesla iliitisha marekebisho ya magari 362,758 nchini Marekani kwa sababu programu hii ingeweza kuvunja sheria kwenye makutano, na Oktoba 2025 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ilifungua uchunguzi mwingine kuhusu magari kupita taa nyekundu na kuingia upande usio wao. Anayesema toleo la sasa limemaliza mambo hayo anauza kitu.

Makosa ya leni yanastahili neno lake. Gari likikaa leni ya kukata kona wakati safari inaendelea mbele, au likichelewa kuhama mpaka njia ya kutokea ikapita, chanzo mara nyingi ni ramani au upangaji wa njia, na kusubiri toleo jipya la uendeshaji pekee hakusaidii. Hivyo hivyo kikomo cha mwendo kinachoonyeshwa vibaya mahali pale pale kila siku. Unapoingilia, gari huweza kukuomba useme kwa sauti kilichotokea, sema kwa ufupi na taja kosa lenyewe, mfano "imechagua leni ya kona wakati naenda moja kwa moja."

Usimamizi wa dereva nao umebadilika. Tangu toleo la 12.4 la mwaka 2024, kamera ya ndani ndiyo inayofuatilia macho yako, na ule usumbufu wa kutakiwa kutikisa usukani kila mara ukapungua. Kamera ikizibwa au isipokuona vizuri, mfumo hurudi kwenye kudai mkono uwe kwenye usukani. Ukipuuza maonyo unapewa alama ya adhabu. Zikifika 5 kwa gari lenye kamera ya ndani, FSD inafungwa kwa takriban wiki moja. Siku 7 bila adhabu hufuta alama moja. Ni mpango wa haki, ingawa wanaotazama skrini kubwa kutafuta muziki wataona unawaonea.

Kwa bei, tangu Aprili 2024 usajili nchini Marekani umekuwa dola 99 kwa mwezi, kutoka dola 199. Kwa msafiri wa barabara kuu ndefu zenye mistari safi, thamani ipo: uchovu unapungua, na tangu toleo la 13 gari linaweza kuanza likiwa limeegeshwa na kurudi nyuma lenyewe. Kwa anayezunguka mitaa finyu ya mjini kwa safari fupi, utasimamia zaidi kuliko utakavyopumzika. Lipia mwezi wenye safari, acha mwezi usio nazo.

Anayenunua gari lililotumika aangalie kompyuta kabla ya kuangalia rangi. Toleo la 13 lilitolewa kwa magari yenye kompyuta ya HW4 pekee, ambayo yalianza kuuzwa mwaka 2023, na yale ya HW3, kompyuta ya kizazi kilichotangulia, yakabaki kwenye familia ya 12.6. Video nzuri unazoziona za gari kuegesha lenyewe mlangoni ni za HW4. Kwenye ukurasa wa Software, fungua maelezo ya ziada ya gari na usome aina ya kompyuta ukiwa umekaa ndani ya gari hilo hilo unalolipia, kwa sababu mwaka wa kutengenezwa pekee hautoshi: magari ya 2023 yapo ya aina zote mbili.