TAHADHARI: wadau wa kuprinti madumu Dodoma, kuna jamaa anauza "mashine ya plazma" ambayo ni hita tu

Wakuu salama? Naandika bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Mi nina kibanda changu Kizota, naprinti madumu na ndoo za hawa wafungashaji wa mafuta ya alizeti, na kama unafanya hii kazi unajua kero yetu ni wino kubanduka. Sasa mwezi uliopita akanifuata jamaa mmoja, kanyoosha shati, maneno matamu, anasema ana mashine ya plazma mtumba imetoka kiwandani Dar, unapitisha kwenye dumu sekunde mbili tu wino hautoki mpaka dumu lioze (dumu la plastiki linaoza lini? hapo tu ningeshtuka).

Akanionyesha palepale. Kachukua chupa ya maji niliyokuwa nakunywa, kawasha dude lake, mwanga wa zambarau huo, kapaka wino, tukasubiri ukakauka, kabandika selotepu kaivuta kwa nguvu, wino haujatoka hata kidogo. Nikatoa milioni moja na laki nane, nusu kwa simu nusu mkononi, risiti sikudai.

Nikapiga madumu 200 ya lita 20 ya mteja wangu wa siku nyingi. Wiki haijaisha ananipigia, "Kaka, jina la biashara yangu liko kwenye viganja vya wateja, kwenye madumu halipo." Nilikosa cha kujibu.

Mchezo wenyewe ulikuwa kwenye ile chupa. Geuza chupa ya maji uangalie chini, kuna pembetatu yenye namba 1, hiyo ni PET, na PET inashika wino vizuri tu hata usipoifanyia kitu. Madumu yetu ni namba 2, HDPE. Kwenye vipimo vya daini (vinaonyesha uso wa plastiki unavyokubali kushikwa na wino) HDPE iko kama 31, PET inapita 40, na wino unataka 38 kwenda juu. Yani kwenye ile chupa angepuliza hata kwa mdomo ungeshika, na yeye alijua, ndo maana hakugusa dumu hata moja na yalikuwa yamejaa pale miguuni kwake.

Nikalifungua lile dude. Ndani kuna koili ya hita kama ya kukaushia nywele saluni, kafeni, na taa za LED za zambarau zimegundishwa mdomoni. Basi. Plazma ya kweli ni hewa iliyopigwa umeme wa volti kubwa mpaka inachanganyikiwa, ikigonga plastiki inapandikiza oksijeni pale juu juu kabisa na wino unapata pa kung'ang'ania. Inatoa harufu kali ya ozoni, mpaka uweke feni ya kuitoa nje. La kwangu lilinuka vumbi lililoungua nikadhani ni kwa vile ni mtumba. Halafu alisema inaondoa hadi grisi, uongo, plazma inamaliza uchafu mwembamba tu, grisi lazima uifute kwanza. Na akasema ukipitisha leo unaprinti hata mwaka ujao, wakati ule ushikaji unapungua kadiri dumu linavyokaa stoo, ukishapitisha unatakiwa uprinti mapema.

Kwa hiyo akikufuata mpe dumu LAKO. Dondoshea maji kabla, tone litasimama kama shanga. Akishapitisha dude lake dondoshea tena palepale, likisambaa sawa, likibaki shanga mwambie afungashe vitu vyake. Hiyo haina gharama, mi ningeifanya nisingeandika hapa.

Sasa hivi nimerudi kwenye moto wa gesi, ule wa bluu, unapitisha haraka kwenye dumu kabla ya kuprinti, bila kusimama sehemu moja. Fundi jirani ndo kanielekeza upya, kanicheka kwanza lakini.

Dude lenyewe ni la bluu, stika imekwanguliwa, waya wake wa kijani. Namba ya jamaa haipatikani, RB ninayo, na juzi nimesikia kuna mtu kaonyeshwa "plazma" Singida kwa chupa ya soda. Walioko huko kaeni macho. Mi narudia kazi ya mteja bure, nimebakiza madumu 60.