Yossele Rosenblatt au Debbie Friedman: uanze na nani?

Kama hujawahi kusikiliza muziki wa ibada za Kiyahudi na unataka kuanza, mimi nakwambia anza na Debbie Friedman, mwimbaji na mtunzi wa Kimarekani, ukishazoea ndo umfuate Rosenblatt, maana yule mzee ana sauti ya kukuliza hata kama huelewi neno moja.

Rosenblatt kazaliwa Ukraine 1882, akaenda Marekani 1912, akawa hazani, yaani anayeongoza sala kwa kuimba, kwenye sinagogi moja New York. Sauti inapanda juu kabisa halafu inakatika kama kwikwi ya mtu anayelia. 1918 kampuni ya opera ya Chicago ikamtaka, hela nono kabisa, akakataa kwa ajili ya dini yake, na hilo linanigusa kila nikilifikiria. Shida ni kwamba rekodi zake ni za zamani, zina mikwaruzo, halafu wewe unabaki msikilizaji tu, yeye ndo anakuombea.

Debbie ni kinyume. Gitaa, nyimbo za kambi za vijana, Kiebrania na Kiingereza humohumo, hakujua hata kusoma nota lakini ukumbi mzima unaimba naye. Sala yake ya wagonjwa, Mi Shebeirach, inaimbwa kwenye masinagogi mengi sana Marekani, na mwenyewe aliugua miaka mingi jamani, akafariki 2011 ana miaka 59 tu. Mwaka huohuo shule ya muziki wa ibada ya Hebrew Union College, chuo cha Kiyahudi cha Marekani, ikapewa jina lake.

Rosenblatt msikilize usiku, peke yako, na hedifoni.