Punguzo la Msimu kwa Mavazi ya Wabunifu: Wapi pa Kuanzia na Wapi pa Kuishia

Duka la nguo za wabunifu halishushi bei kwa ukarimu. Linashusha kwa sababu mzigo wa msimu unaofuata umekwisha kufika na hakuna tena nafasi ya kuutundika. Katika miji ya Ulaya nguo za majira ya joto huanza kuingia madukani Januari na Februari, watu wakiwa bado ndani ya makoti, na nguo za baridi huingia Julai na Agosti, jua likiwa kali. Kilichobaki cha msimu unaoisha hakina budi kuondoka, na ndiyo maana mwaka una vipindi viwili vikubwa vya punguzo: kimoja huanza mwishoni mwa Juni, na kingine mapema Januari.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, kalenda hiyo imepangwa kwa hali ya hewa ya watu wengine, na hapo ndipo faida yake ilipo. Shati la kitani ambalo mkazi wa Paris analiona limebakiwa na wiki chache tu za kuvaliwa, mkazi wa Tanga atalivaa miezi kumi na miwili. Kwa sababu hiyo naliweka punguzo la Juni na Julai mbele kabisa ya lile la Januari, ambalo ndilo linalopigiwa kelele zaidi. Januari, tafuta vitu visivyojua msimu, yaani viatu vya ngozi, mikanda, mikoba na suti za sufu nyepesi. Koti zito la sufu, hata likipunguzwa asilimia 70, ni hasara kwa mtu ambaye baridi yake kali kuliko zote ni ile ya Njombe au Limuru mwezi Julai. Isitoshe, makoti ya aina hiyo hubaki kwa wingi katika mitumba ya Gikomba na Ilala, kwa kuwa Waafrika Mashariki wanaoyahitaji ni wachache.

Chaguo la kwanza: punguzo la duka lenyewe, Ufaransa na Italia

Ufaransa inastahili nafasi ya kwanza kwa sababu punguzo lake la msimu linasimamiwa na sheria. Kipindi cha baridi huanza kwa kawaida Jumatano ya pili ya Januari, na kile cha joto Jumatano ya mwisho ya Juni, kila kimoja kikidumu wiki nne. Kabla ya mwaka 2020 vilikuwa vya wiki sita. Ni katika vipindi hivyo tu ndipo mfanyabiashara wa kawaida huruhusiwa kuuza chini ya bei aliyonunulia, na bidhaa anayoipunguza lazima iwe imekuwa ikiuzwa dukani kwa angalau mwezi mmoja kabla. Haruhusiwi kuagiza mzigo mpya wa bei nafuu na kuuita punguzo. Aidha, tangu Mei 2022 kanuni ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia, jambo ambalo limepunguza ule mchezo wa kupandisha bei wiki moja ili kuishusha wiki inayofuata. Nchini Italia tarehe hupangwa na mikoa, lakini mingi huanza siku za kwanza za Januari na Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Swali linalowasumbua wengi ni siku gani ya kwenda. Punguzo la mwanzo mara nyingi huwa kama asilimia 30, kisha huongezeka kadiri wiki zinavyokwenda, huku saizi za kati zikiisha kwanza. Mwenye mwili wa saizi inayopatikana kwa wingi asisubiri wiki ya tatu, kwa sababu atakuta rangi ya chungwa na saizi mbili za pembeni. Mwenye mguu mdogo sana au mkubwa sana ana raha ya kungoja, kwani viatu vyake vitakuwa bado rafuni wakati bei imekatwa mara mbili. Kumbuka pia kuwa saizi hazifanani: 42 ya Italia ni 38 ya Ufaransa, 10 ya Uingereza na 6 ya Marekani, na katika haraka ya punguzo chumba cha kujaribia huwa na foleni ndefu. Duka halilazimiki kukubadilishia nguo isiyokutosha, ingawa kasoro ya kitambaa au mshono iliyojificha inabaki juu ya muuzaji hata kama bango linasema bidhaa za punguzo hazirudishwi.

Mgeni asiyeishi ndani ya Umoja wa Ulaya ana nafuu ya pili, nayo ni kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani. Nchini Ufaransa kodi hiyo ni asilimia 20, na ununuzi unaozidi euro 100 katika duka moja unatosha kuombea marejesho hayo. Baada ya makato ya kampuni zinazoshughulikia, kinachomfikia mnunuzi huwa kati ya asilimia 10 na 12 ya bei. Lazima fomu ithibitishwe uwanja wa ndege kabla ya kuondoka Umoja wa Ulaya, na bidhaa iwe karibu ili ionyeshwe ikihitajika. Ndugu yako mkazi wa Brussels au Lyon hana haki hiyo, kwa hiyo ukimtuma akununulie, usiipige hesabu hiyo. Uingereza nayo iliondoa marejesho hayo kwa wageni mwanzoni mwa 2021, na tangu hapo London imeshuka katika orodha yangu.

Dubai, kwa ukaribu wake

Kwa wengi wetu safari inayowezekana ni ya Dubai. Tamasha la ununuzi la mji huo lilianza 1996 na siku hizi huangukia Desemba na Januari. Lile la kiangazi, lililoanza 1998, huwa Julai na Agosti, wakati joto limewafukuza wageni na maduka yana hamu ya wateja. Hili la pili ndilo ninalolipendekeza, hasa siku zake za mwisho. Hoteli nazo zinakuwa zimeshusha bei, na hesabu ya safari ni sehemu ya hesabu ya nguo, hata kama hatupendi kuijumlisha.

Tahadhari yangu ni moja. Chapa za Ulaya mara nyingi huuzwa Dubai kwa bei ya kuanzia iliyo juu kuliko ya Milan au Paris, kwa hiyo nusu bei ya Dubai si lazima iwe nusu bei ya Ulaya. Fungua tovuti ya chapa hiyo katika ukurasa wa Ufaransa au Italia, ubadilishe euro kuwa dirhamu, ndipo uamue. Kodi ya huko ni asilimia 5 tu. Mtalii aliyenunua kwa angalau dirhamu 250 hurejeshewa sehemu kubwa ya kodi hiyo, ikipunguzwa ada ndogo, kiasi ambacho hakifiki hata asilimia 5 ya bei. Ni sawa kuichukua ukiwa uwanjani na muda unao, lakini isiwe sababu ya kununua.

Maduka ya autleti

Autleti ni duka ambalo chapa huuzia mabaki yake kwa bei ya chini. Bicester Village karibu na Oxford, lililofunguliwa 1995, na La Vallée Village nje ya Paris, lililofuata 2000, yamewafanya watu waamini kwamba kila kinachouzwa kwenye autleti ni mabaki ya duka kubwa. Si kweli kila mahali. Zipo chapa, hasa za Marekani, zinazotengeneza nguo na mikoba maalumu kwa ajili ya autleti, kwa ngozi nyembamba zaidi na bitana hafifu, kisha huandika kando yake bei ya juu ambayo bidhaa hiyo haijawahi kuuzwa. Mwaka 2015 chapa ya Michael Kors ilikubali kulipa karibu dola milioni 4.9 kumaliza kesi iliyohusu bei za aina hiyo nchini Marekani.

Namna ya kutambua si ngumu. Mabaki ya kweli huwa na mapengo: shati lipo katika saizi mbili, mkoba upo wa rangi moja tu, kiatu kimebaki jozi ya maonyesho. Ukiona rafu imejaa saizi zote na rangi zote, zimepangwa kwa mfuatano, elewa kwamba mzigo huo ulishonwa kwa ajili ya rafu hiyo. Muulize mhudumu bidhaa ni ya msimu gani. Mwenye mabaki halisi hujibu bila kusita.

Viatu vya autleti vina hatari moja inayowahusu watu wa pwani kuliko wengine. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huoza polepole kwa unyevu na joto hata kama kiatu hakijavaliwa. Jozi iliyokaa stoo miaka minne inaweza kuonekana mpya, kisha ikamomonyoka Mombasa ndani ya miezi michache. Bonyeza soli kwa kidole gumba; ikinata au ikiacha chenga, iache hapo. Soli ya ngozi iliyoshonwa, ambayo fundi viatu wa mtaani anaweza kuibadilisha, ni salama zaidi hata ikigharimu zaidi.

Kuagiza mtandaoni

Hapa naweka nafasi ya nne, na wengi watanipinga. Maduka kama YOOX, lililoanzishwa Italia mwaka 2000, huuza nguo za misimu iliyopita kwa punguzo la kweli, na picha zake ni za kuaminika. Tatizo ni safari ya kifurushi hadi kwako. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizokamilika kwa kawaida zinaangukia humo. Juu yake hupigwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Chukua gauni la dola 100 lililoshushwa hadi 60. Ukiweka ushuru na kodi hizo linafika Nairobi kwa dola 94, kabla ya nauli, ambayo nayo huingizwa katika thamani inayotozwa, na kabla ya ada nyingine za forodha. Punguzo la asilimia 40 limekwisha njiani. Kwa hesabu hiyo, punguzo lililo chini ya nusu bei halistahili kuagizwa kutoka mbali, isipokuwa kwa kitu kisichopatikana kabisa kwa njia nyingine.

Lipa kwa kadi ambayo benki yake inaruhusu kudai fedha zirudi. Matchesfashion ya London ilikuwa duka lenye jina kubwa, na bado iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Machi 2024. Jina kubwa halikuhakikishii kwamba duka litakuwapo siku utakapotaka kurudisha mzigo.

Ijumaa Nyeusi ya Novemba naiweka chini ya hayo yote kwa upande wa nguo za wabunifu. Huja kabla ya punguzo la Januari, huku mzigo wa baridi ukiwa bado unauzika, na mara nyingi bidhaa ileile hushuka zaidi wiki sita baadaye.

Mwisho kabisa ni wauzaji wa mitandao ya kijamii wanaotangaza «orijino kutoka Italia» kwa robo ya bei. Louis Vuitton haifanyi punguzo la msimu katika maduka yake, na mikoba maarufu ya Hermès na Chanel haishushwi bei. Mwenye kukuuzia mkoba mpya wa Louis Vuitton kwa nusu bei ya dukani anakuuzia wa mtumba, wa wizi au wa bandia. Ukitaka mkoba wa chapa hizo kwa bei nafuu, ununue ukijua kuwa umetumika, kutoka kwa wauzaji wanaokagua uhalisia kama Vestiaire Collective ya Paris, iliyoanza 2009. Bei zao zina manufaa mengine hata kwa asiyenunua kwao: kabla ya kulipia kitu cha punguzo, angalia kinauzwa kwa kiasi gani kikiwa kimetumika. Gauni la dola 400 lililoshushwa hadi 200, ambalo mitumba yake imejaa kwa dola 60, bado ni la bei kubwa.