"Mbao ni mbao": upinde wangu wa kwanza ulivyonikatikia mkononi

Kiwanda kile cha mbao hapa mjini Unguja mie sirudi tena. Jina nalihifadhi, mji wenyewe mdogo huu.

Nilitaka kuchonga upinde mrefu, wa futi sita, na kabla ya hapo sijachonga hata mwiko. Nikaenda na sharti moja tu: nipewe ubao ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha, zisikatize ubavuni. Mgongo wa upinde, yaani upande ulio mbali nawe, unavutwa, tumbo, yaani upande unaokutazama, linabanwa. Uzi uliokatwa na msumeno pale mgongoni hauna pa kushika, unanyanyuka na upinde umekwisha.

Kijana hakuchungulia hata. "Sheikh wangu, mbao ni mbao." Akavuta ubao wa juu kabisa, akaupitisha kwenye mashine ukang'aa, akataka pesa. Nyuma yangu watu wamejaa, nikaona haya, nikalipa.

Jioni nane au tisa nimeketi uwani baada ya Alasiri: shoka dogo, randa, mwisho kipande cha chupa cha kukwangulia. Nikautundika ukutani, nikafunga kapi chini, nikawa navuta kamba taratibu huku nimesimama mbali nautazama unavyopinda. Mkono wa chini, yaani nusu ya chini ya upinde, ulikunjika vizuri, wa juu umekaza kama mpini wa jembe. Basi unakwangua palipokaza, tumboni tu, mgongo huugusi. Unavuta tena mara ishirini, thelathini, mti uzoee. Unatazama tena. Ugwe nilisokota mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Wallahi siku zile nilikuwa na raha, mpaka mke wangu akasema nimeoa mke wa pili.

Siku ya kuujaribu sikuufikisha ugwe hata kidevuni. Mara ya kumi hivi, nikasikia "ta!" ndogo, kama ganda la njugu, halafu kishindo. Kipande kikanipiga sikioni. Nilipookota nikaona umepasuka mshazari, mrefu, kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa. Ukipitisha kidole unaufuata uzi toka mgongoni mpaka unatokea ubavuni. Kilekile nilichosema!

Nikarudi na vipande. Sikutaka pesa, nilitaka aone tu. Kijana akawaita wenzake: "Njooni, Ami kavunja manati!" Wakacheka wote. Akanigeukia: "Hii ya mlango hii, Ami." Mtu mzima mie, nina wajukuu, nimesimama kwenye unga wa mbao nachekwa.

Meli ya Waingereza, Mary Rose, ilizama 1545, ikaopolewa 1982, na humo zilikutwa pinde zaidi ya 130 nzima. Miaka zaidi ya 400 chini ya bahari! Wangu haukumaliza hata siku yake ya kwanza.

Haya, haki nayo isemwe. Kwa ukavu kijana hakunidanganya, ubao ulikuwa mkavu kweli. Na zile nyuzi zilionekana ubavuni tangu pale dukani, ningeugeuza tu ubao. Sikuugeuza. Halafu nani kanituma kununua ubao? Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, wanakata mti mzima porini, wanachonga kwa kisu, nyuzi zimebaki kama Mungu alivyozipanga. Hapo wa kulaumiwa ni mie, nusu. Kicheko kile lakini sikisamehi.

Kwa upinde, msiende. Kwa mlango... mlango wangu wa choo walitengeneza wao, miaka sasa, mvua za masika zinaupiga, na haujakwaruza sakafu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.