Komeo la pili la kifuniko cha rubani: nunua, lakini hamisha swichi

Seti hii ya komeo la ziada, la kifuniko angavu kilicho juu ya kiti cha rubani wa ndege ndogo, ina ndoano ya chuma, springi, swichi ndogo, taa nyekundu na bolti nne za milimita 5. Kwa ndege ya kujiundia ambayo kifuniko chake kina bawaba za mbele, ndoano ndiyo yenye thamani. Komeo kuu likiachia, inakizuia kifuniko kisifunguke zaidi ya sentimita chache. Kelele zitakuwa nyingi na karatasi zitapeperuka, ila ndege kwa kawaida bado inaongozeka. Rubani aiongoze kwanza, kisha azunguke atue. Kung'ang'ania kukifunga huku mwendo unapungua ndiyo hatari yenyewe.

Kasoro iko kwenye taa. Maelekezo yanaiweka swichi chini ya mkono wa komeo, kwa hiyo taa huzimika mkono ukilala, hata kama pini ya komeo haijaingia tunduni! Ifunge swichi kwenye fremu ya kifuniko, ibonyezwe na ncha ya pini yenyewe.

Nati za kujifunga zimo, vizuri. Gundi ya kukazia bolti iliyomo usiitumie karibu na akriliki (plastiki angavu ya kifuniko), maana ikiigusa inaweza kuizalishia nyufa. Toboa fremu tu. Ikilazimu kutoboa akriliki, tumia ncha ya keekee iliyotengenezwa kwa kutobolea plastiki, fanyia kazi mahali penye joto, na tundu lizidi bolti kidogo, kwa kuwa akriliki hutanuka kuliko alumini.

Ukimaliza, sukuma kifuniko juu kwa kiganja kwenye pembe zote mbili za nyuma. Kikicheza, rekebisha washa (pete bapa za bolti) za ndoano.

Kwa kifuniko chenye bawaba za ubavuni, seti hii haitoshi.