Kozi ya Kiingereza kwa wauguzi: video nzuri, kipindi cha kuongea kimenichefua

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ni kozi ya mtandaoni ya wauguzi wanaojiandaa na OET, mtihani wa Kiingereza kwa watu wa afya, ule ambao Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linaukubali kama uthibitisho wa Kiingereza. Jina la kozi silitaji. Bei, idadi ya masomo na ratiba vyote vipo kwenye tangazo lao, sina haja ya kuvirudia. Ninachotaka kusema ni kuhusu kipindi kimoja cha kuongea, kwa sababu vipindi hivyo ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya pesa yangu, na hicho kimoja ndicho kilichonifanya nifunge kompyuta huku nalia.

Kwanza mjue nani wanaoishia kwenye kozi hizi. Wengi wetu si kwamba hatujui Kiingereza. Uuguzi tumesoma kwa Kiingereza, mitihani ya chuo tumefanya kwa Kiingereza, ripoti ya kukabidhiana zamu tunaandika kwa Kiingereza, na faili la mgonjwa limejaa Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza. Ila hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumtuliza mtu kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Temeke au wa Korogwe akitoka kwa daktari na karatasi mkononi, anakuja moja kwa moja kwako: "Sista, eti amesema nina nini?" Hapo faili unalifunga, unavuta kiti, unaanza Kiswahili. Unajua kama ni wa kumwita mama, baba au bibi. Unajua lini uongee na lini unyamaze. Kazi ya kumfanya mtu aelewe ugonjwa wake tumeifanya miaka yote, lakini kwa lugha nyingine. Kwa hiyo nilipolipia kozi, nilichokuwa nakitafuta ni mtu wa kunisaidia niihamishe kazi hiyo ninayoijua niifanye kwa Kiingereza. Hicho tu.

Sehemu ya kuongea ya OET ina maigizo mawili, kila moja kama dakika 5. Unapewa kadi, unaisoma dakika 3, halafu mtu mwingine anakuwa mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na wewe unabaki kuwa nesi kama ulivyo. Kipindi cha kuongea cha kozi kinafuata utaratibu huo huo, isipokuwa mkufunzi ndiye anacheza mgonjwa, na wanafunzi wengine wanasikiliza wakisubiri zamu zao.

Siku yangu nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nimenunua bando la kutosha, nimemwomba mdogo wangu atoke na watoto ili nyumba itulie. Kadi ilikuwa ya mtu mzima aliyegundulika na kisukari aina ya pili wiki hiyo hiyo. Kazi zangu: kujua anafahamu nini, kumweleza ugonjwa wenyewe, vidonge, chakula, na kumtoa hofu.

Nikaanza. Nikamsalimia, nikajitambulisha, nikamuuliza daktari amemwambia nini na yeye mwenyewe kisukari anakifahamu vipi. Mkufunzi akajibu, bila shaka kama kadi yake ilivyomwelekeza, kwamba mama yake alikuwa na kisukari na akaishia kukatwa mguu.

Nikanyamaza kidogo. Maneno nilikuwa nayo. Lakini mtu akikuambia mama yake alikatwa mguu, humrukii na habari za kongosho na insulini. Nikamwacha apumue, nikampa pole kwa yaliyompata mama yake, kisha nikamuuliza kama hilo ndilo linalomtisha kuliko yote leo.

Hapo bwana akaacha kuwa mgonjwa. "Simama, simama." Akaniambia napoteza muda, dakika zinakwenda, kadi ina kazi za kumaliza na habari za mama yake si mojawapo. Akasema mgonjwa akitaja jambo la kusikitisha kuna sentensi kwenye karatasi aliyotutumia: naelewa kabisa unavyojisikia, tafadhali usiwe na wasiwasi. Uitoe, uendelee na kazi inayofuata. Nikamwambia kwa adabu, mwalimu, kwenye vigezo vya mtihani nimesoma kwamba... Hakuniacha nimalize. Akasema, wenzangu wote wakisikia, kwamba Kiingereza changu ni cha kijijini na kwamba wagonjwa wa Uingereza wataniripoti siku ya kwanza. Kuna mtu alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti chake. Nilimsikia akicheka.

Mimi nimekaa wodini miaka. Nimewafumba macho watu waliokata roho mikononi mwangu, kisha nikatoka nje kuwaeleza ndugu waliokaa kwenye mkeka tangu alfajiri. Sihitaji mtu anifundishe heshima ya kumsikiliza anayetaja mguu wa mama yake. Na sikulipa ada ili nidhalilishwe mbele ya wauguzi wenzangu, wengine vijana waliomaliza chuo juzi, ambao baada ya pale kila mmoja aliingia kwenye zamu yake akitetemeka na kutoa zile sentensi za karatasi moja baada ya nyingine. Niliwasikiliza wote. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa swali hata moja la maana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bwana yule amekosea katika kazi yake mwenyewe. Vigezo vya OET vimewekwa wazi kwenye tovuti yao, yeyote anaweza kuvisoma. Tangu 2018 sehemu ya kuongea haipimi lugha peke yake. Kuna vigezo vinne vya lugha, na vitano vya mawasiliano ya kitabibu: kujenga uhusiano, kuelewa mtazamo wa mgonjwa, kuyapanga mazungumzo, kukusanya taarifa na kutoa taarifa. Kwenye kutoa taarifa imeandikwa kwamba muuguzi aanze kwa kujua mgonjwa tayari anafahamu nini, atue hapa na pale anapoeleza, na majibu ya mgonjwa yamwongoze aelekee wapi. Kwenye mtazamo wa mgonjwa imeandikwa aulize hofu za mgonjwa na azinase ishara anazozitoa. Kile alichonikatiza nikikifanya ndicho kinachotolewa maksi! Hata hilo la Kiingereza cha kijijini, kama alimaanisha lafudhi, kigezo kinahusu kueleweka. Nesi wa Tanga hatakiwi kuongea kama mzaliwa wa Leeds, anatakiwa mgonjwa amwelewe. Mgonjwa wangu wa maigizo alinielewa vizuri sana, ndiyo maana aliweza kunitukana vizuri.

Halafu tuchukue mguu wenyewe wa yule mama. Yeyote aliyefanya kazi kliniki ya kisukari anajua kwamba hapo ndipo kadi nzima ilipofunguka. Mtu ana hofu ya kukatwa mguu, mwelezee kwa nini miguu inakatwa. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi, mtu anakanyaga msumari hasikii. Inaharibu na mishipa ya damu, kidonda hakiponi, kinaoza. Sasa amekwishaelewa kisukari ni nini, na hujataja neno moja la kitabu. Kutoka hapo vidonge vina sababu, chakula kina sababu, kuikagua miguu kila jioni mpaka katikati ya vidole kuna sababu, kutotembea peku kuna sababu. Unamwambia kwamba mama yake huenda aligundulika akiwa amechelewa, na yeye amegundulika wiki hii, bado miguu yake inasikia. Hofu inashuka kwa kuwa amepewa kitu cha kufanya. Kazi zote za kadi zimetimia, na zimetimia kupitia kwa mama yake ambaye mkufunzi alisema hatuhusu.

Zile sentensi za karatasi sitaki hata kuziona. Mwambie mama aliyetoka kuambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi kwamba unaelewa kabisa anavyojisikia. Atakutazama. Akiwa na nguvu atakuuliza, mwanangu, unaelewaje? Na usiwe na wasiwasi ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi na anajua kwamba unajua.

Baada ya hayo nilitaka kuandika mtu yeyote asilipie, basi. Lakini haitakuwa haki, kwa sababu kozi hiyo hiyo ina masomo ya video ambayo sijapata kuona mfano wake.

Yanafundishwa na mama mmoja aliyekuwa muuguzi, na inaonekana tangu dakika ya kwanza kwamba amesimama kando ya vitanda vya watu. Kuna somo zima la kueleza ugonjwa uliogundulika. Anaonyesha jinsi ya kugawa maelezo vipande vidogo, kipande kimoja kisha unatua na kumtazama mgonjwa, na unapima kama kimeingia kabla ya kuleta kingine. Anaonyesha jinsi ya kuonya kwanza kwamba majibu uliyonayo si mazuri, kabla ya kuyataja. Na anafundisha swali la mwisho ambalo nimelipenda sana: usimuulize mgonjwa kama ameelewa, maana ataitikia tu kwa heshima. Mwombe akueleze yeye, na ujibebeshe wewe mzigo, useme unataka kujua kama umeeleza vizuri.

Nililijaribu kazini, kwa Kiswahili. Bibi mmoja wa presha, mcheshi, kila nilichosema anaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Nilishamweleza kwamba vidonge ni vya kila siku, hata akijisikia mzima. Zamani ningemwandikia tarehe ya kurudi na kumwita anayefuata. Safari hii nikamuuliza: "Bibi, ukifika nyumbani mjukuu akakuuliza nesi amesemaje kuhusu hivi vidonge, utamwambiaje?" Akajibu bila wasiwasi kwamba atamwambia anavimeza mpaka kichwa kiache kuuma, halafu vinavyobaki anavitunza. Tukaanza upya. Tulikaa mpaka foleni ikaanza kunung'unika, lakini aliondoka akijua kwamba presha haipigi hodi, inaweza kuwa juu na kichwa kisiume hata kidogo. Somo lile la video lilinipa kitu ambacho chuo hakikunipa, na kinamfaa bibi wa kliniki yangu leo, niende Uingereza nisiende. Kwa hilo tu nilisema moyoni ada yangu imerudi. Nikaanza hata kumsamehe yule bwana.

Nikaandika malalamiko kwa utulivu, nikiamini kabisa kwamba shule yenye mwalimu kama yule mama itanisikia. Nikaeleza kilichotokea, nikanukuu vigezo, nikaomba nihamishiwe kwa mkufunzi mwingine. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa dada wa huduma kwa wateja. Mkufunzi wetu ana uzoefu mkubwa, dada yangu, na ukali wake ni kwa faida yenu. Hakuna aliyesikiliza rekodi, ingawa kila kipindi kinarekodiwa na wao ndio wanaozitunza. Hakuna aliyegusa suala la vigezo. Hata pole hakuna! Watu wanaouza somo la jinsi ya kumsikiliza mtu mwenye hofu.

Basi msamaha nimeuondoa. Nawaza wale vijana wenzangu wa kipindi kile. Ili NMC wakupokee unatakiwa upate B kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na angalau C+ kwenye kuandika. Ada ya mtihani kwa mshahara wa nesi wa hapa ni pesa ya kukopa, wengine wanauza kiwanja. Kijana amefundishwa kuruka hofu ya mgonjwa na kutoa sentensi ya karatasi, ataingia kwenye mtihani afanye hivyo hivyo, na waliomtoza ada ndio waliomfundisha. Mtihanini anayecheza mgonjwa hatoi maksi, sauti inarekodiwa na kupelekwa kwa watahini, kwa hiyo kuna atakayesikiliza kila sentensi ile ya kukariri.

Kwa anayefikiria kujiunga: chukueni masomo ya video, hasa la kueleza ugonjwa, na la kuandika barua ya rufaa nalo si baya. Vipindi vya kuongea msilipie mapema. Ulizeni kwanza mkufunzi ni nani, amewahi kuwa muuguzi au la, na ombeni kusikiliza rekodi moja. Wakikataa, mmeshapata jibu.

Mimi vipindi vilivyobaki nimeviacha. Nafanya mazoezi kwa simu na wenzangu wawili wa kazini, kwa kadi za majaribio zinazopatikana bure kwenye tovuti ya OET. Mmoja anakuwa mgonjwa, mmoja anashika saa, na tukimaliza aliyekuwa mgonjwa anasema ni wapi alihisi amesikilizwa na ni wapi alihisi anaharakishwa. Kadi ya kisukari tumeirudia, na nilipofika kwenye mguu wa mama nikanyamaza vile vile kama siku ile. Dakika zilitosha.

Ombi la kurudishiwa ada ya vipindi nilivyoviacha nimeshawatumia, safari hii kwa barua pepe ili kuwe na maandishi. Wakijibu nitaongeza hapa chini.