Mawe ya Kitanda na Mzunguko wa Maji: Mwongozo wa Kununua kwa Akwaponiki ya Nyumbani

Anayetaka kufuga sato na kuotesha mboga kwa maji yale yale nyuma ya nyumba yake atanunua vitu vingi, lakini kosa la kununua mawe yasiyofaa ndilo gumu zaidi kulirekebisha, kwa kuwa kitanda, yaani sanduku la mawe ambamo mboga huota, kikishajazwa na mizizi ikashika, kukibadilisha ni sawa na kuanza upya. Mawe hayo hayakai pale kushikilia mimea tu. Juu ya nyuso zake ndiko wanakoishi bakteria wanaogeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mboga.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa mawe ya volkano, yale mepesi yenye vitundu, kwa yeyote anayeishi karibu nayo: Arusha na Moshi, Naivasha, Musanze au Goma. Vitundu vyake huwapa bakteria makazi mengi kuliko kokoto laini za ukubwa ule ule, na kwa kawaida hayabadilishi maji. Chagua yenye upana wa kati ya milimita 10 na 20, uyaoshe mpaka maji yatoke safi, maana vumbi lake likiachwa huishia kwenye pampu.

Kokoto ngumu za ujenzi zinashika nafasi ya pili, na kwa wakazi wengi wa mijini ndizo zinazopatikana. Hapa uzito ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kulipa. Kitanda cha mita 1 kwa mita 1.2 chenye kina cha sentimita 30 huchukua lita 360, na kokoto za kukijaza hukaribia kilo 570 kabla ya kuongeza maji. Kijengee msingi wa matofali ya saruji. Meza ya mbao itapinda.

Hatari kubwa zaidi ya kokoto iko pwani. Kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, mawe mengi yanayochimbwa karibu na bahari ni ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa hiyo huyeyuka polepole na kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) kupita 7.5, hapo mmea ukashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo majini: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Samaki nao hudhurika, kwa kuwa pH inavyopanda na maji yanavyokuwa ya joto, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Kumimina tindikali hutuliza hali kwa muda mfupi tu, kwani jiwe lingali mle ndani likiendelea kuyeyuka. Nenda sokoni na chupa ndogo ya siki. Chukua mawe kadhaa kutoka pande mbalimbali za lundo, yaoshe, yavunje, kisha dondoshea siki pale palipovunjika. Likitoa mapovu, hata machache, usinunue lundo hilo, hata muuzaji akipunguza bei.

Golori za udongo uliochomwa ni nyepesi, safi na rahisi kuzichimba kwa mkono, na zingeshika nafasi ya pili kama bei yake isingekuwa kubwa. Zinafaa zaidi kwa kitanda kidogo cha roshani. Mchanga huziba. Makumbi ya nazi huoza na mkaa huelea. Vipande vya matofali ya kuchoma vinafaa iwapo vimeiva vizuri na havina lipu.

Kuhusu mzunguko wa maji, chaguo langu la kwanza ni pampu inayoongozwa na saa ya kuzima na kuwasha, dakika 15 ikiwaka na 45 ikiwa imezimwa, pamoja na bomba la wima lenye tundu dogo chini yake. Pampu ikiwaka kitanda hujaa hadi sentimita 5 chini ya uso wa mawe, nayo ikizimika maji hurudi kwa samaki kupitia lile tundu na mizizi hupata hewa. Umeme ukikatika, kitanda hujikausha chenyewe badala ya kutuamisha maji. Kumbuka kwamba mawe huacha nafasi ya takriban asilimia 40, hivyo kitanda cha lita 200 kitavuta kama lita 80 kutoka kwa samaki. Tanki liwe kubwa vya kutosha, na pampu ndogo ya hewa iendelee kufanya kazi katika zile dakika 45.

Sifoni ya kengele, yaani bomba la wima lililofunikwa kwa kifuniko kama kengele, ni ya pili. Maji hutiririka muda wote, kitanda kikijaa sifoni hukivuta chote kwa mkupuo, na maji yanayoporomoka huongeza hewa tankini. Ila inataka subira: maji yakiingia polepole mno huchuruzika tu bila sifoni kuanza, na yakiingia kwa kasi mno sifoni haikati. Mtiririko wa kudumu usio na ujazo wala ukaushaji ni rahisi kuliko zote, nao unatosha kwa mchicha na matembele, ingawa pembe za kitanda hukosa maji mapya.

Pampu nunua mwisho, ukishapima kimo kutoka usawa wa maji ya samaki hadi mdomo wa bomba kitandani. Tanki la lita 400 linahitaji kuzungushwa mara moja kwa saa. Pampu ya dakika 15 itapaswa basi kusukuma kwa kasi ya lita 1,600 kwa saa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote, hivyo mwombe muuzaji jedwali linaloonyesha inasukuma lita ngapi kwenye kimo chako.